Biti ya Pili Kutoka Kulia

Ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya spika za Luthuli,
mwigo wetu unakimbia tangu saa mbili usiku.
Sekunde moja ya maisha ya chipu
kompyuta huitafuna kwa saa tisa,
ikicheua, biti kwa biti.
Mutheu amelalia koti lake. Barongo anahesabu makosa.
Mimi natazama mstari wa kijani,
saa ya saketi, juu, chini, juu, chini,
isiyojua kwamba saketi yenyewe haipo,
kwamba ni maandishi tu, kurasa mia nne
za ikiwa hivi, basi vile.

Nukta zetu ni kumi na sita,
nne kwa nne, nusu ya ubao wa bao.
Kila kete na shimo lake.
Kelele ikiigonga, kete hudondokea kwa jirani,
nasi majirani tuliwapanga makusudi
watofautiane kwa biti moja,
ili kosa likija lije dogo,
la kusameheka.

Neno la kujaribia alilichagua Barongo: pole.
Herufi nne, alisema, halina gharama,
na mjini hapa kila mtu analo la akiba.
Tulilirusha mara milioni. Lilifika mara milioni.
Kwenye mwigo.

Maana kelele tuliyoiandika ilikuwa na adabu,
kelele ya vitabuni, yenye umbo la kengele,
tele katikati, haba pembeni,
haigombani na mtu.

Tulipopandisha saketi ya majaribio paani,
antena moja kwetu, ya pili Kariobangi,
kila alasiri saa kumi kasoro
mawasiliano yalikatika kama uzi uliooza.
Mutheu alibadili vichujio. Mimi nikabadili fuwele.
Barongo akailaumu mvua,
na mvua haijanyesha tangu Mei.

Kumbe ni Kimilu, uani, nyuma ya jengo,
anachomelea mageti.
Kila cheche yake kwetu ilikuwa radi.
Tulimshukia na kinasa mawimbi;
akadhani sisi ni kanjo, akazima mashine,
akakunja mikono.
"Endelea," Mutheu alimwambia. "Choma kama kawaida."
Alichoma dakika kumi na moja,
akituchungulia kando ya miwani myeusi,
na geti lile, nadhani, lilitoka pinda.

Sasa kelele zake zimo ndani ya mwigo,
faili lenye jina lake,
na usiku huu pole inapita katikati ya Kimilu,
mara elfu, mara elfu mbili, salama,
hadi saa tisa na dakika nne
skrini inaandika: pone.

Biti moja. Ya pili kutoka kulia.
L imelala sifuri, imeamka N.
Nalitazama neno lilivyovunjika vizuri.
Pone. Halina u, halina a mbele yake,
dua iliyomwangusha mtu wake njiani.
Nani apone?

Baba alitengeneza redio hapa chini, duka la kona,
miaka thelathini na minne.
Kapasita mbovu aliisikia kabla ya kulifungua kasha.
Sasa yuko kitandani, Umoja,
sikio la kushoto halipokei chochote,
na mimi, ambaye mshahara wangu ni kufikisha,
wiki ya tatu hii sijampigia.

"Mangapi?" Barongo anauliza bila kuinua kichwa.
"Moja."
"Limo ndani ya kiwango. Liache."
Naliacha.

Kunapokucha, mabati ya maduka yanapandishwa kwa kishindo,
mtu anajaribu spika mpya barabarani,
moja, mbili, moja, mbili,
nami nimesimama dirishani, kidole kwenye sikio moja,
simu kwenye lingine.
Inaita. Inaita.
Kisha sauti, kubwa kupita kiasi,
ya mtu asiyejisikia mwenyewe:
"Nani?"