Kichwa cha Chatu

Mimi ni fundi wa vibao.
Kirumba wananijua: vichwa vya vinyozi,
sato mwenye kope ndefu juu ya mlango wa mama lishe,
LEO PESA KESHO MKOPO kwa rangi ya damu ya mzee.
Sijawahi kugusa mchoro ulionitangulia kuzaliwa.

Kisha Ndaki wa kamati akanipandisha mlimani,
kati ya mawe makubwa, ziwa likiwa nyuma yetu,
hadi nyumba ya mtemi wa mwisho:
ya duara, mlango mfupi makusudi,
ili anayeingia aanze kwa kuinama.
Hata mkoloni, alisema. Kofia mkononi.

Ndani, fito zinapanda pete juu ya pete
mpaka zinapobanana
chini ya chungu kilichofunikwa kileleni.
Luhende alikuwa huko juu anaezeka,
nyasi zikinishukia kichwani.
"Paa ni miaka kumi," akanitupia.
"Ukuta je? Nani anauhesabia?"

Ukuta ulikuwa mweupe. Chokaa.
Humu palikuwa shule, kisha ghala la pamba,
kisha popo.
Nikakwangua kwa kijiko cha chai,
taratibu, kama anayemenya yai la moto.
Siku ya tatu akajitokeza nge.
Siku ya tano, mwanamke na kibuyu,
na safu ya nukta nyekundu, sijui za nini:
ng'ombe? siku? wadeni?
Halafu chatu.
Chatu, jamani!
Anaanzia nyuma ya mlango, anazunguka chumba kizima,
mabaka yake meupe ni udongo wa ufukweni,
meusi ni masizi,
mekundu ni ardhi ileile iliyonichafulia viatu njiani.
Hakuna cha dukani. Nilinusa.

Nikamfuata hatua kumi na nne,
na pale penye kichwa
udongo umebomoka, zimebaki fito tupu.

Ndaki anataka kiangalie mlango,
wageni wapate picha.
Bibi Nshoma, aliyesoma humu kabla ya chokaa,
alisema kiliangalia ngoma.
Kesho yake, kiliangalia juu.
Keshokutwa akasema hakikuwapo kabisa,
ndiyo maana walikuwa wanamwogopa.

Ndaki akaleta rangi ya kung'aa, kopo la lita nne.
Nimelipanda mara nyingi,
linanifikisha vizuri kwenye mabaka ya juu.
Masizi niliyachanganya na utomvu wa mnyaa
uliniunguza vidole, nikabadilisha,
nikajaribu maziwa, yakavuta nzi,
nikarudia utomvu. Vidole vitapona.

Wakati sisi tunabishana
nyigu alishaanza.
Vijumba vitatu vya udongo kwenye lile pengo,
vya nne bado kibichi.
Nilimfuata kwa macho: anashuka ufukweni
palepale ninapochota mimi,
anarudi na tonge lisilofika punje ya mtama,
analibandika, analilainisha,
hamuulizi mtu.

Nimepaka rangi hadi shingoni, nikakoma.
"Umemaliza?" Ndaki ananiuliza,
maana ameniona naosha brashi.
"Bado."
"Sasa nani anamalizia?"
Nikamwonyesha. Hakucheka.
Luhende, huko juu, ndiye aliyecheka
hadi nyasi zikamponyoka.

Simu imeita nikiwa bado mlangoni, nimeinama.
Ni yule kinyozi wa Kirumba.
"Holo, kichwa changu lini?"