Kijani Kisicho na Jani

Bohari ya Bwana Abdurabi, pale Mikindani,
baba aliipaka kijani msimu wa korosho.
Mvua mbili baadaye
ukuta ulikuwa rangi ya mchuzi uliolala.
"Fundi Chingwalu, umenipaka nini?"
Alidai nusu ya fedha. Baba alirudisha yote,
kisha akakaa barazani akilitazama kopo
kama mtu aliyesalitiwa na shemeji.
Watu walisema mengi: gofu lina wenyewe, jicho, chumvi ya bahari.
Hakuna aliyesema chokaa.

Chokaa nilikutana nayo kidato cha tatu, Mtwara mjini,
kwa Mwalimu Fidea Nannauka, mwenye koti lenye matundu ya asidi.
Kijani cha kopo la bei poa, alisema,
ni bluu na njano zilizoozwa bila kujuana.
Bluu ni ya chuma: chokaa mbichi huivunja,
ikabaki kutu.
Njano ni ya risasi,
na risasi haiendi popote.
Niliandika. Maneno mawili ya mwisho
niliyapigia mstari, sijui kwa nini.

Siku nyingine akamimina kwenye kigae
fuwele za rangi ya chungwa, vijiko viwili,
akatusukuma hadi dirishani: msivute hewa hii.
Akawasha kiberiti.
Kilima kikaamka, kikatema cheche, kikajirundika chenyewe,
na kilichoangukia meza kilikuwa kijani,
chepesi, kama majani ya chai yaliyokaushwa vibaya.
Likwata akapiga kelele: "Mwalimu, moto umeota majani!"
"Hakuna jani hapa. Ni kromi ile ile.
Ilikuwa sumu; imepokea elektroni tatu, imetulia.
Haina tena ugomvi na asidi,
wala chokaa, wala jua la saa nane.
Viwandani wapo wanaoituliza kwa salfa."

Salfa?
Darasa zima likanyanyua shingo.
Salfa ni sisi. Salfa ni Juni, ni mashine mgongoni,
ni mama akikohoa njano chini ya mikorosho
ili ubwiriunga usile maua.
Kumbe unga ule ule unaolinda jani
huweza kuzaa kijani
ambacho hakijawahi kuwa jani.

Likizo nilikimbia nyumbani na habari hii mdomoni,
nikamkuta baba anahangaika na brashi.
Kiganja kilining'inia kutoka kwenye kifundo,
hakinyanyuki.
Miaka kumi na tisa ya kukwangua milango kwa msasa mkavu,
kupuliza vumbi, kula mhogo kwa vidole vya kijani.
Njano haikwenda popote.

Sikumwambia hilo. Nilimwambia la chokaa tu.
"Baba, hukukosea."
"Ni chokaa?"
"Ni chokaa."
Akauliza tena, nikajibu tena,
akacheka mpaka akashika ubavu.

Sasa brashi ni yangu. Nalowesha msasa, nafunga pua,
nanunua unga wa kromi kwa kilo, na ni ghali.
Wateja hulalamika: kijani hiki kimenuna,
kama sare ya askari, tupe kile cha kasuku.
Nawasimulia ya Mwalimu, kwamba ng'ambo, zamani,
kijani cha kasuku kilipikwa kwa shaba na aseniki
kikabandikwa kwenye vyumba vya watoto,
na ukuta ulipopata unyevu
chumba kilianza kuua polepole.
Wengine hunyamaza. Wengine hununua bluu.

Bohari ya Abdurabi niliipaka mwaka juzi, bila malipo.
Mvua zimepita, haijabadilika hata kope.
Ila chini, karibu na bomba,
niliacha kipande sawa na kiganja cha mtu,
hakikuguswa, rangi ya mchuzi.
Kila tukionana Abdurabi ananiuliza
nitamaliza lini.