Asiyesaini

Saa kumi na mbili jioni, Upanga, jengo la nyuma,
pale taka za hospitali zinaposubiri gari,
namtoa kizimbani namba kumi na nne.
Wembe umeshampitia mgongoni:
kipande cha ngozi, waridi, upana wa kiganja cha mtoto.
Namlaza kwenye kitanda cha waya, nambana taratibu,
namsukuma mwisho wa handaki la kioo.
Katikati, chandarua chenye matundu tisa
tuliyoyakata wenyewe, kwa mkasi, kwa makusudi.
Upande wa pili, mbu mia, wana njaa tangu asubuhi.

Nazima taa. Naandika saa.

Swali la utafiti ni fupi:
wangapi watapita, wangapi wataigusa dawa wafe,
wangapi watamfikia na kushiba.
Swali langu mimi halina safu kwenye daftari.

Zamani kazi hii ilikuwa ya Lwitiko.
Alikaa kwenye kigoda, suruali kaikunja hadi magotini,
akihesabu kuumwa kama mtu anayehakiki chenji.
Walimlipa. Alipewa fomu ya ridhaa, kurasa nne,
na kabla ya kusaini akauliza:
"Nikichoka usiku wa manane?"
Wakamwambia, unainuka, unakwenda zako,
hakuna atakayekuuliza.
Kisha kamati ya maadili ikakaa, ikanywa chai,
ikaona si haki mtu kufanywa chambo.
Iliamua vizuri. Sina ubishi.
Ila aliyeweza kuinuka ndiye aliyeinuliwa,
akaletwa asiyejua kalamu inashikwaje.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu.
Kwa sungura hawakusema.
Labda walimdhania mjanja mno.

Kwangu ni Kigogo, bondeni.
Maji ya mvua yamelala nyuma ya choo cha jirani
siku ya tisa sasa, yanapepesa viluwiluwi.
Mwasiti alipokuwa na miaka miwili
degedege ilimkunja mikononi mwangu saa nane usiku,
nikakimbia naye hadi Magomeni bila viatu.
Aliponea damu ya mtu nisiyemjua.
Tangu hapo, kila usiku, nachomeka chandarua chini ya godoro,
kona nne, narudia kona ya kwanza,
na vidole vyangu vinazitambua nyuzi.

Basi usiniambie tuache.
Wala usiniambie ni mnyama tu.

Juzi aliniuliza: "Mama, kazini unafanya nini?"
Nalisha sungura.
"Wanakula nini?"
Mchicha. Karoti, bei ikishuka.
Akaridhika, akageukia ukuta.
Hakuuliza wao wanaliwa na nani.

Alfajiri nawasha taa.
Nawaokota kwa kibano, nawapanga kwenye karatasi nyeupe:
waliokufa sabini na nane,
walioshiba wawili, wekundu, wazito, hawawezi hata kuruka.
Dawa nzuri. Daktari Shemdoe atafurahi,
na ana haki ya kufurahi.

Namba kumi na nne kimya.
Siku yangu ya kwanza niliambiwa sungura hulia mara moja tu,
na siku ukimsikia utajua ni nini.
Nimemsikia mmoja. Ilikuwa Machi.
Tuyaache hayo.

Nampaka mafuta ya nazi palipovimba.
Mwongozo hausemi nipake, hausemi nisipake.
Anatafuna jani haraka haraka, kama mwenye safari,
jicho lake moja kwangu, la pili kule kusiko na kitu.

Mwisho wa ukurasa kuna safu ya MAONI.
Miaka mitatu nimeandika: hakuna.
Leo mkono umeandika: usiku kucha aliutazama mlango.
Nimesoma. Nimekata.
Mstari mmoja tu, kama tulivyofundishwa,
ili kilichokatwa kiendelee kusomeka.