Moja kwa Moja

Kipatanishi nilikinunua kwa bei ya baiskeli mpya.
Kina vifundo viwili, koili nene kama utumbo wa kondoo,
na mita yenye mshale mwekundu.
Nilizungusha cha kulia, nikarudisha cha kushoto,
mshale ukashuka, ukalala.
Moja kwa moja, ikasema mita:
hakuna wimbi linalorudi nyumbani.
Nikajipigia makofi peke yangu, hapa Kuhmo,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.

Jumapili saa tatu asubuhi, bendi ya mita themanini,
nikamwita Tauno, kaka yangu, kule Oulu.
Tangu tuuze msitu wa baba hatupigiani simu.
Redioni tunawezana, kwa kuwa redioni
mmoja akisema, mwingine hana budi anyamaze.
Nikamwita mara saba.
Yeye nilimsikia wazi, mpaka kikohozi chake,
kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango,
"Aune hayupo leo pia."

Jumapili nne hivyo hivyo.
Mshale umelala kama paka aliyeshiba.

Ndipo nikamwita Lahja Piirainen,
miaka thelathini na mmoja fundi wa mitambo ya simu,
mwenye goti la chuma na mdomo usio na breki.
Alikuja kwa skii. Mita hakuitazama.
Alisimama uani, shingo ameikunja nyuma,
akikodolea kisanduku cha baluni kileleni mwa mlingoti.
"Theluji imelalia kila kitu," akasema,
"paa, kuni, hata kamba ya nguo.
Mbona juu ya kile kisanduku pakavu?"

Sikuwa na jibu.

"Umeisuluhisha redio na kebo, basi.
Kebo na waya bado wanagombana huko juu,
na wati zako mia zinapasha theluji moto."
Akaishika kebo, akainusa kama samaki wa juzi.
Njia ya mwongo fupi, husemwa,
lakini hii yangu ilikuwa mita thelathini na nne,
na ilikuwa imekula kilichotumwa, ikala na kilichorudi,
ndiyo maana mita haikuona kitu.
Nilikuwa nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa,
na chupa nimeinunua mwenyewe.

Tuliteremsha yote.
Ubao wangu wa plastiki wa kukatia nyama
tuliukatakata vipande ishirini na viwili,
kila kimoja urefu wa kidole cha kati,
tukavitoboa, tukapitisha nyaya mbili
zinazokwenda sambamba bila kugusana:
ngazi ya kupandia kitu kisicho na miguu.
"Iwe mbali na bati la paa, kiganja kizima," akaamuru.
"Hii haipendi kuguswa na chuma. Goti langu pia halikupenda."
Baluni tuliizungushia upya mezani,
pete nyeusi ya feraiti, mizunguko kumi na miwili,
yeye akihesabu kwa sauti, mimi nikivuta, vidole vikiniuma,
tukaiweka dirishani, hatua moja tu kutoka redio.

Jumapili. Zungusha, rudisha, subiri.
Mshale haukulala.
Uligoma kwenye moja nukta sita,
ukawa unatikisika kila upepo ulipotikisa misonobari.
Nikanyoosha mkono niubembeleze.
"Uache," alisema Lahja, mkate mdomoni. "Huo unasema kweli."

Tauno, Tauno, huyu ni Aune. Ova.

Kelele, kama mafuta kikaangoni.
Kelele.
Kisha:
"Aune. Nakusikia kana kwamba uko jikoni kwangu.
Una mafua?"

Nilikuwa nayo. Wiki ya tatu.
Nikabonyeza kitufe, nikakishikilia,
Lahja ameacha kutafuna,
na nilichokuwa nimekiandaa tangu msitu uende
sikukiona tena kilipo,
wati zangu mia zikisubiri mguuni pa ngazi
nizipe neno la kubeba.