Dola Arobaini na Moja na Senti Sita

Saa nne usiku, Peoria. Theluji ya Aprili
inanifia viatuni kabla sijafika kwenye lifti.
Kadi yangu hufungua milango kumi na mitatu,
wa kumi na nne hunikatalia kwa taa nyekundu.
Humo wanafuga ukungu. Nausikia ukikohoa,
au labda ni feni.

Miaka sita napiga deki korido hii.
Naijua kama ulimi unavyoyajua meno:
kigae kilichopasuka kando ya bomba la kunywea,
harufu ya mahindi yaliyochacha ikipenya chini ya mlango,
na ukutani hataza, kila moja na fremu yake,
zimetundikwa kama picha za marehemu sebuleni.
Nazifuta vumbi kila mwisho wa mwezi.
Jina, tarehe, mchoro wa mtambo usio na mtu,
na chini kabisa, kwa herufi za kumtesa mzee:
mwenye haki ni Serikali.

Ya tisa ni ya Bwana Orville Stuckert.
Wanga wa mahindi, uliogeuzwa ili ushike maji.
Amestaafu zamani, ofisi hana,
ila kila Alhamisi huja na kofia yake ya mkulima
na walinzi humwacha apite, nani atamzuia?
Usiku mmoja alisahau kwenda kwao.
Akanikuta mbele ya jina lake, kitambaa mkononi.

“Unajua walinilipa nini? Dola moja. Na keki.”
Akacheka mpaka akashika ukuta.
Kisha hakucheka.
“Delphine Raukar alipima maji kila asubuhi,
miaka mitatu, hata Krismasi.
Mtafute humo ukutani. Hayumo.
Yeye alipata kipande cha keki.”

Akatoa mfukoni kijichupa cha unga mweupe,
akatia kidogo, kama chumvi ya mboga,
kwenye kikombe changu cha chai kilichokwisha chai,
akamimina maji.
Nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Akakipindua kikombe juu ya sakafu
niliyoikausha muda si mrefu.
Nikaruka nyuma.
Halikudondoka tone.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema.
Huu unga wake ukiachiwa hukinywa kibaba kizima.

Mama yangu, kule Walungu,
alipanda maharagwe mara tatu msimu mmoja;
mara mbili yalikufa kwa kiu yakiwa na majani mawili,
na mara ya tatu tulikula mbegu.
Sikumwambia mzee. Nilisema tu, “Ni uzuri.”
Kiingereza changu huchoka baada ya saa tano.

Ijumaa ikaja hati ya mshahara.
Kodi ya serikali kuu: dola arobaini na moja na senti sita.
Niliikazia macho ndani ya basi.
Hizo arobaini sijui zilikokwenda,
mabomu, madaraja, mishahara ya wanaopiga kelele runingani.
Lakini senti sita, nikaamua mwenyewe,
senti sita zimepanda ngazi hizi ninazozifagia,
zimenunua sahani moja ya kioo,
au nusu yake,
na juu ya sahani hiyo kitu fulani kinajifunza kunywa.

Jana walikuja watu wawili wenye suti
kuhesabu viti. Bajeti, wanasema.
Walihesabu na ndoo yangu.

Leo nimeishusha ya tisa kutoka msumarini.
Nyuma yake ni karatasi ya kahawia, buibui mkavu,
na nafasi tele.
Nimeandika kwa penseli, polepole, nisikosee herufi:
Delphine Raukar alipima maji.
Nikafikiri kidogo. Nikaongeza chini:
Nabintu, senti sita.

Nimeirudisha mahali pake.
Imeinama kidogo upande wa kushoto.
Nimeiacha hivyo.