Mizani ya Pamba

Karani wa vitambulisho kauliza mara mbili:
"Jina la mama?"
Nikamwambia nitarudi Alhamisi.

Nikaenda Igogo kwa miguu, nikapanda mawe
hadi nyumba ya bati lenye kutu
iliyokuwa ghala la pamba kabla haijawa kwetu.
Bi Nkwimba, mjane wa mpima pamba,
aliachiwa funguo ailinde mpaka msimu ujao.
Msimu haukuja.
Wakaja watoto watatu, mwaka wa kipindupindu,
wamefunikwa kanga moja,
naye hakuwa na kitabu ila kile cha ushirika,
hakuwa na kipimo
ila mizani iliyoning'inia darini.

Basi tukapimwa kwa ndoano, ndani ya gunia,
tukiyumba, tukipiga mayowe,
naye akisoma kwa miwani iliyofungwa uzi:
"Kilo sita na nusu. Safi."
Fifi hakuiandika hata siku moja,
hata kwa Luhende, aliyeletwa miguu imevimba
na nywele rangi ya mchanga.

Sisemi palikuwa peponi.
Uji uliungua. Fimbo ilikaa nyuma ya mlango.
Wageni walikuja na peremende na kamera,
tukaimba, wakalia, wakaondoka.
Bugumba alitoroka akabebe dagaa Mwaloni;
sahani yake ikapakuliwa mwezi mzima,
na ole wake aliyeigusa.

Bi Nkwimba hayupo. Daftari lipo,
pembeni limeliwa na mchwa.
Nimejitafuta kurasa kwa kurasa,
chini ya magunia ya wakulima wa zamani:
"Mvulana. Kakutwa kwenye tenga la samaki, gati la Kamanga.
Kilo nne na robo. Safi. Ana hasira."
Na kwenye safu ya Jina la Mkulima
pako wazi,
ila nukta moja nene ya wino
pale kalamu ilipotua,
ikasita,
ikainuliwa.

"Kaka, nishikie," akasema Mbula, mlezi wa sasa.
Kuna aliyeletwa jana usiku.
Nikashika kamba. Gunia likapiga teke.
Mshale ukatetemeka, ukaenda, ukarudi.
"Ngapi?"
Nikasoma. Akaandika.
Safu ya daraja hakuniuliza.

Alhamisi nitarudi kwa karani
nikaone kama fomu yake
ina nafasi ya nukta.