Bei kwa Herufi

Mimi huuza herufi.
Kibanda changu kiko chini ya ngazi za uwanja wa barafu, Košice,
baina ya muuza soseji na choo cha wanaume,
na mashine yangu ya kubandikia majina
ina joto kuliko chumba ninacholala.
Jezi ya taifa ina bei yake. Namba ni bure.
Jina, unalipa kwa herufi.

Kwa hiyo sihitaji gazeti kuniambia nani anapendwa.
Nachungulia kasha.

Mei ile, kipa alipozuia penalti ya tano ya Wacheki
(kwa goti, tena keshalala)
foleni ilitoka kibandani ikapinda hadi kituo cha tramu.
TULEJ. TULEJ. TULEJ.
Saa nne asubuhi J zikaniishia;
nikawa nachukua U, nakata mkono mmoja kwa wembe,
ikawa J, nani angejua.
Jina fupi lile, herufi tano tu:
mapenzi ya bei nafuu.

"Dezo wetu," alisema mwenye soseji.
Bi Hedviga wa tiketi alisema weusi ule ni wa jua,
kwao ni kusini, bondeni, jua la huko halina adabu.
Tukakubali sote. Nami nikakubali,
ingawa najua Tulej ni jina la wapi:
la ng'ambo ya reli, la ghorofa zisizo vioo,
ambako basi hupunguza mwendo, likaona ni Mroma,
likaongeza.

Kisha Novemba. Mechi ya kirafiki, hakufungwa hata moja.
Kipaza sauti kilimfuata. Akavua helmeti,
nywele zimemganda kwa jasho, akaigeukia kamera
akamsalimu bibi yake kwa lugha ya bibi yake.
Maneno manne.
Hakuna aliyeyaelewa,
na kila mtu alijua alichosema.

Jumatatu wakaja.
Wangekuja na hasira ningefunga dirisha.
Walikuja kwa upole, na risiti mkononi.
"Tunaomba utoe jina. Namba iache, namba haina ubaya."
Mmoja akaongeza: "Sina neno naye, kijana mzuri.
Lakini kwani lazima aseme?"
Mwingine: eti wimbo wa taifa ukipigwa midomo yake haichezi.
Miaka kumi na tisa nawatazama wakipanga mstari pale.
Nahodha hutafuna chingamu.
Winga wa kushoto huimba maneno ya ubeti mwingine.
Midomo ya hao hajaihesabu mtu.

Kutoa nako nilitoza. Kwa herufi.
Unapasha moto, unabana ncha kwa koleo, unavuta polepole.
J hutangulia. T hung'ang'ania.

Ila kitambaa nacho kina kumbukumbu zake.
Pale palipofunikwa, buluu ilikuwa bado changa;
pembeni kiangazi na sabuni vilishaila.
Wakavaa hivyo hivyo, wakapanda,
na taa za uwanja zilipowaka
nikaona kutoka chini, mgongo baada ya mgongo:
TULEJ, TULEJ,
kwa buluu safi kuliko ya bendera.

Bado anadaka. Bado wanashangilia.
Siku hizi wanaita namba. Thelathini na moja! Thelathini na moja!
Kama watu wanaoitwa dirishani benki.

Jana mtoto alikuja, viatu vya dada yake,
fulana ya mazoezi ya shule, na sarafu
zilizomwachia duara kiganjani.
Nikazihesabu. Zinatosha herufi tatu.
Akafikiri sana, ulimi nje.
"Basi anzia mwisho," akasema. "L, E, J.
Zilizobaki nitarudi."

Nilipima kwa rula, nikaacha nafasi ya mbili upande wa kushoto.
Kasha limejaa J.
Sikumpa bure.
Sijui kwa nini sikumpa bure.